Kongosho halijafa: seli za insulini zinavyochoka kwenye kisukari aina ya pili

Hapa Mbeya kliniki ya sukari naletewa sana hii kauli, "dokta mi nimeambiwa kongosho limekufa", na anayesema ameshakata tamaa. Kwa aina ya pili, hasa mwanzoni, siyo kweli jamani.

Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vya seli, Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, na humo ndo zinakaa seli beta zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Sasa mafuta yakijaa kwenye ini na misuli mwili unakuwa mbishi kwa insulini, seli beta zinalazimika kutoa nyingi zaidi ili sukari isipande, na zinaweza kuhimili hivyo miaka na miaka, vipimo safi, wewe unakula viazi vyako vya Uporoto huna habari. Wanene wengi hawaugui kisukari kabisa maana seli zao zinahimili. Aliyerithi seli dhaifu ndo anaumia, kwahiyo msimsimange mgonjwa eti kajitakia.

Zikizidiwa zinaharibika kwa njia nyingi. Insulini lazima ikunjwe vizuri ndani ya seli kabla haijatoka, na seli iliyoelemewa ni kama fundi cherehani aliyepewa sare za shule nzima azimalize usiku mmoja, kazi inatoka mbovu, inarundikana, mwisho seli nyingine zinajiua. Sukari ikishapanda nayo inazidi kuziumiza. Ila kuna hili linanipa moyo sana: mwaka 2012 watafiti wa Columbia kule Marekani walionyesha kwa panya kwamba seli beta nyingi zilizopotea hazikufa, zilirudi kuwa kama seli changa, zipo ila hazitoi insulini.

Ndo maana ukiwahi sukari inaweza kurudi chini. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza ulichukua watu wenye kisukari kisichozidi miaka 6, wakapunguzwa uzito kwa mpango maalum, na baada ya mwaka 46% sukari yao ilikuwa imetoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa 86%! Ukichelewa sana nafasi inapungua, hilo sifichi.

Na ukiambiwa uanze sindano za insulini usikimbie, inazipunguzia seli mzigo. Ila usianze kujinyima chakula mwenyewe huku unameza glibenklamaidi, hiyo dawa inaisukuma seli itoe insulini hata kama hujala, sukari inashuka ghafla unazimia. Njoo kliniki tupange dozi kwanza.