Kinundu juu ya baka la kuzaliwa: lini ni saratani, lini siyo

Mama anafungua kanga na kumlaza mtoto kifudifudi. Mgongo karibu wote umefunikwa na baka jeusi lenye vinyweleo, na juu yake vimeota vinundu viwili, kimoja kikubwa kama punje ya harage. Bibi aliyewasindikiza ndiye anayeuliza: "Daktari, hii ni kansa?"

Mara nyingi sana jibu ni hapana.

Baka la namna hii ni mkusanyiko wa seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hutokana na hitilafu ya jeni, mara nyingi ile iitwayo NRAS, inayoipata seli moja mtoto akiwa bado tumboni. Halitokani na chakula alichokula mama, wala alichokitazama au kukitamani. Nalisema hili mapema kwa sababu lawama humwangukia mama kabla hata hajatoka wodini, na si haki. Mabaka madogo ni ya kawaida: takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nalo. Yale yatakayozidi sentimita 20 mtoto akishakuwa mtu mzima ni adimu, takriban mtoto 1 kati ya 20,000. Ule weusi wa kibuluu makalioni, ambao watoto wetu wengi huzaliwa nao, ni jambo jingine. Huo hauna uvimbe na hufifia wenyewe.

Vinundu huota zaidi kwenye mabaka makubwa, siku ya kuzaliwa au katika miezi ya kwanza. Mara nyingi huwa kadhaa. Hukua kwa muda, kisha hutulia, hulainika, na vingine husinyaa. Shida ni kwamba hata kisicho saratani kinaweza kukua upesi, kuchubuka na kutoa damu. Kipande chake kikipelekwa maabara, hadubini nayo inaweza kutisha: seli nyingi zinagawanyika, sura inakaribia ya melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi. Kwa mtu mzima, picha hiyo ingekuwa habari mbaya. Kwa kichanga inaweza kuwa ukuaji wa kawaida wa kinundu.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu waijaze vizuri fomu ya maabara. "Uvimbe mgongoni" haitoshi. Andika: mtoto wa wiki tatu, kinundu juu ya baka kubwa la kuzaliwa, kilikuwepo tangu kuzaliwa. Mstari huo mmoja unaweza kumwepusha mtoto na upasuaji mkubwa asiouhitaji. Jibu likiwa bado na utata, kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, husaidia. Kinundu kisicho saratani kwa kawaida huwa kimeongeza au kupoteza kromosomu nzima nzima. Melanoma huwa imevuruga vipande vya kromosomu. Kipimo hiki hakipo kila hospitali, na mara nyingine sampuli hulazimika kusafirishwa.

Hatari yenyewe ipo, nasi hatuifichi. Kwa wenye mabaka makubwa, melanoma huwapata takriban asilimia 2 hadi 5 katika maisha yao, na mara nyingi hutokea utotoni. Kwa madogo ni chini ya asilimia 1. Kinachotushtua ni kinundu kimoja kinachojitenga na wenzake: kigumu, kinaendelea kukua bila kutulia, kina kidonda kisichopona, au tezi za jirani zimevimba. Saratani hii inaweza pia kuanzia chini kabisa ya ngozi, kwa hiyo tunapapasa baka lote kwa vidole, hatuangalii tu. Inaweza hata kuanzia kwenye ubongo. Mtoto mwenye baka kubwa sana, au mabaka mengi, anastahili kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) cha kichwa na uti wa mgongo, ikiwezekana kabla ya miezi 6.

Nyumbani, msikwangue baka, msilichome, msipake dawa za kuunguza. Kovu litatuficha tunachokitafuta. Kila wiki piga picha mchana karibu na dirisha, rula ikiwa pembeni ya kinundu, uje nazo kliniki. Kinundu kikianza kuwa kigumu, au mtoto akipata degedege, akitapika mfululizo au kichwa kikikua haraka, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mlete siku hiyo hiyo.