Kuhama Subversion: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Watengenezaji programu wengi Nairobi wakisikia mradi mdogo bado uko kwenye Subversion, mfumo wa kutunza kila badiliko la msimbo wa programu, hukumu huwa moja: umepitwa na wakati, hamieni Git, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo. Umri wa mfumo si sababu. Subversion ilianza mwaka 2000 na bado inatunzwa chini ya shirika la programu huria la Apache. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu za Android na iPhone, haitunzwi kwa Git. Waundaji wake wanatumia Fossil, mfumo wao wenyewe wa kutunza mabadiliko.

Wengine huogopa kwamba ukihama historia inapotea. Haipotei. Amri ya git svn huleta kila badiliko pamoja na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Kinachovurugika ni namba. Subversion huhesabu mabadiliko kwa mfuatano, mathalani r412, ilhali Git hupatia kila badiliko utambulisho wa herufi na tarakimu 40. Ripoti ya hitilafu iliyoandikwa "imerekebishwa r412" hubaki haielekezi popote, isipokuwa mmeuacha ule mstari wa git-svn-id ambao zana hiyo huuongeza kwenye kila ujumbe. Msiufute ili tu historia ipendeze macho! Folda tupu nazo Git haizitunzi, na kila skripti inayoita svn, amri ya Subversion, itaandikwa upya. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo watu husahau kupiga hesabu.

Git na GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, si kitu kimoja. Git ilitoka 2005, GitHub 2008, na hifadhi ya Git inaweza kukaa kwenye seva yenu wenyewe. Hiari ya kuhama au kubaki huisha pale tu tovuti inayowahifadhia mradi inapofunga: Google Code ilifungwa 2016, na Bitbucket ikaacha Mercurial, mfumo mwingine wa aina hii, 2020.

Sababu ninayoikubali kwa moyo wote ni stima na intaneti. Kwa Subversion, huwezi kukomiti (kuhifadhi badiliko rasmi) wala kusoma historia bila kuifikia seva. Stima zikipotea ofisini Ngong Road iliko seva, mwenzenu aliye Rongai naye amekwama. Kwa Git, historia nzima iko kwenye laptopu yake, anaendelea. Lakini mradi uliojaa video na picha kubwa ni habari nyingine: nakala ya kwanza ya Git kwa kawaida huja na matoleo yote ya nyuma, na bando linaisha. Subversion humruhusu mtu kuchukua folda moja tu, na kufunga faili ili wawili wasiihariri kwa pamoja. Timu kama hiyo ningeishauri ibaki ilipo.

Ninyi wengine mnaohama, hamisheni nakala kwanza, mjenge programu kutoka humo. Ikikubali, hifadhi ya Subversion iwe ya kusomwa tu kuanzia siku hiyohiyo.