Mbwa Asiyeisha Nguvu: Yanayosemwa Kusini, na Ukweli Wake

Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, mbwa wengi wanaofugwa ni wa kienyeji: wembamba, wepesi, miguu haichoki. Shambani mbwa wa namna hii ni mali. Anatimua ngedere kwenye mahindi na nguruwe pori kwenye muhogo, na usiku halali mpaka kila mti umekaguliwa. Mlete kwenye ua mdogo wa mjini, nguvu ileile inageuka kero: anachimba mashimo, anatafuna ndala, anafukuza kuku na bodaboda, anamrukia kila anayebisha hodi. Ushauri anaopewa mwenye mbwa huyo mara nyingi humgharimu fedha, au humharibu mbwa. Haya ndiyo yanayosemwa sana, na yale yanayofanya kazi kwa mtu asiye na fedha za mkufunzi wala za chakula cha dukani.

“Mchoshe kwa mbio, atatulia mwenyewe”

Dhana hii inawapoteza wengi kwa sababu nusu yake ni kweli. Mbwa anahitaji kutoka kila siku. Lakini mbwa anayekimbizwa nyuma ya pikipiki kila jioni huzoea. Kilomita tatu zilizomlaza wiki ya kwanza hazimtoshi mwezi wa pili, sasa anadai tano. Unakuwa umemtengeneza mwanariadha, na tatizo la nyumbani liko palepale. Kumrushia mpira au fimbo mfululizo nako kunampandisha mori. Anarudi nyumbani bado anahema na anatafuta kingine cha kukimbiza.

Kinachomshusha ni pua. Kutafuta kitu kwa kunusa kunaishughulisha akili yake yote, na dakika 15 za kazi hiyo mara nyingi humlaza mbwa ambaye mbio za saa nzima hazikumlaza. Vifaa viko jikoni: vifuu vitatu vya nazi na gao moja la dagaa wakavu. Sugua kingo za vifuu kwa msasa au kwenye jiwe zisimkate mdomo. Siku ya kwanza tumia kifuu kimoja. Mwoneshe mbwa dagaa, wafunike kwa kifuu, mwache akipindue mwenyewe. Akishaelewa ongeza cha pili kisicho na kitu chini yake, kisha cha tatu. Baada ya siku nne au tano acha kumwonesha unapoficha. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana sasa anategemea pua tu. Ukitoka hapo, ficha vipande kumi hadi kumi na tano uani: kwenye mizizi ya mwembe, nyuma ya ndoo, chini ya ukingo wa mkeka.

Kinachoharibika mara nyingi ni haraka ya mwenye mbwa. Mbwa akibweka, akikutazama usoni au akiondoka, ujue umemwekea kazi ngumu kuliko uwezo wake. Rudi hatua moja nyuma. Fanya kabla ya mlo, akiwa na njaa kidogo, na hao dagaa watoe kwenye posho yake ya siku ili asinenepe wala gharama isiongezeke. Gunia kuukuu la korosho linafaa pia: tandaza, nyunyiza dagaa, likunje mara mbili, mwache alifunue. Ila liondoe akimaliza, kwa sababu nyuzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo.

Matembezi yabaki, lakini kwa saa zake. Pwani yetu, hasa kati ya Novemba na Machi, joto huja na unyevu, na mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema, si kwa jasho. Toka saa 12 asubuhi, dakika 30, kamba ya mita tatu ikiwa imelegea, umwache anuse anachotaka. Jioni toka jua likishazama. Kabla ya kukanyaga lami au mchanga, bandika mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Msimu wa kupiga mikorosho salfa kwa ajili ya ubwiriunga, yaani ukungu wa mikorosho, usimpitishe shamba linalopuliziwa siku hiyo, maana vumbi lile linawasha macho na pua. Mbwa akianza kuhema kwa nguvu bila kupumzika, mate yakawa mazito, ufizi mwekundu sana na miguu ikayumba, hilo ni joto limempanda. Mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima na kumpepea bila kusimama, mpe maji anywe mwenyewe bila kumlazimisha, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ameanza kupata nafuu.

Na kupumzika ni sehemu ya ratiba. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, mtoto zaidi ya hapo. Mtoto wa mbwa anayepandwa na wazimu jioni, akiuma vidole na kukimbia huku na huko, mara nyingi amekosa usingizi wa mchana. Mtengee pembe yenye kivuli ambako watoto hawamfikii.

“Mbwa wa ulinzi afungwe mchana ili usiku awe mkali”

Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo wa mita moja na nusu anakuwa na hasira zisizochagua. Usiku akifunguliwa anaweza kumuuma mtoto wa jirani na kumwacha mwizi. Mlinzi mzuri ni yule anayejua watu wa nyumbani, sauti za kawaida za mtaa na njia za ua, kwa hiyo lazima azunguke.

Kama hakuna uzio, tengeneza waya wa kutembelea. Simika nguzo mbili umbali wa mita nane hadi kumi, funga waya mnene juu kidogo ya kimo cha mtu, na kabla ya kuukaza upitishe pete ya chuma. Kwenye pete hiyo ning'iniza mnyororo mwepesi unaomwezesha kulala chini bila kuvutwa shingo, wenye kiungo kinachozunguka ili usijisokote. Kamba ya katani ataitafuna. Kosa linaloua ni moja: kuuweka waya karibu na ukuta, ngazi au kisiki. Mbwa akiruka upande wa pili ananing'inia. Funga pia kizuizi kwenye waya, mita moja na nusu kabla ya kila nguzo, mnyororo usiizunguke nguzo. Kivuli na maji viwe pale anapofika, na asikae hapo siku nzima.

Kola si lazima ununue. Mkanda wa ngozi wa mtumba wenye upana wa sentimita tatu, fundi viatu akiukata na kuushonea pete, unadumu miaka. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mbwa akiwa bado anakua, pima kila wiki.

“Akila kuku, dawa yake kiboko”

Mbwa anaunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde ileile. Ukimkuta amelala karibu na manyoya, ukamwita “njoo”, akaja, ukamchapa, ulichomfundisha ni kwamba kukuitikia kunaleta maumivu. Kesho utamwita akiwa barabarani na hatakuja.

Kuku anafukuzwa kwa sababu anakimbia, na kufukuza ni raha yenyewe. Kwa hiyo kwanza zuia raha hiyo: mpaka afundishike, mbwa na kuku wasiachwe pamoja bila mtu. Kisha mfunge kamba ya mita tano, msimame mita kumi kutoka kwa kuku, au mbali zaidi ikibidi. Akimtazama kuku bila kuvuta, sema “safi” papo hapo na umpe kipande cha dagaa. Baada ya mara nyingi ataanza kumtazama kuku kisha kukugeukia wewe. Ukiona hilo, sogea mita moja. Akivuta mara mbili mfululizo, mmesogea mapema, rudini nyuma. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Kwa mbwa ambaye hajawahi kuua, tarajia wiki kadhaa. Aliyekwisha kuonja damu anaweza kufundishwa kutulia mkiwepo, lakini asiaminiwe peke yake na vifaranga. Hapo wigo wa fito ndio jibu.

“Anarukia watu kwa upendo, mwache”

Ni upendo kweli, lakini hauachiki. Majirani wengi wa pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu ametawadha, kavaa kanzu safi, yuko njiani kwenda Ijumaa, mbwa wako anamlamba mkono. Ugomvi wa namna hiyo ndio unaowafanya mbwa wa watu wawekewe sumu, na heshima kwa jirani inataka uuzuie kabla haujatokea.

Mbwa anaruka kwa sababu anataka uso na mikono ya mtu. Ukimsukuma umempa mikono, ukimkaripia umempa uso. Anza na watu wa nyumbani. Mbwa awe na kamba, kamba uikanyage mahali ambapo miguu yote minne ikiwa chini hakazwi, lakini akiruka haifiki mbali. Anayeingia akisogea na mbwa akainua miguu, ageuke na kurudi hatua mbili bila kusema neno. Miguu ikishuka, arudi. Sekunde anayokaa kitako, anapewa kipande chake chini, usawa wa kifua chake, maana mkono ukiinuliwa juu unamwita aruke. Rudieni mara nane hadi kumi, halafu pumzikeni. Hapa watu wa nyumba moja wanaangushana: baba anakataza, watoto wanamkumbatia akiwa amesimama kwa miguu miwili. Mbwa anayelipwa mara moja kati ya kumi hung'ang'ania kuliko anayelipwa kila mara, kwa hiyo kubalianeni wote. Mgeni halisi akija, mbwa awe amefungwa au yuko nyuma ya nyumba mpaka zoezi limkae.

Lugha unayomwamuru nayo haina maana kwake, wala hahitaji Kiingereza. Chagua maneno mafupi yasiyofanana: “kaa”, “njoo”, “acha”, “subiri”. “Ngoja” na “njoo” zinakaribiana, usizitumie zote mbili. Sema mara moja tu.

“Mpe pilipili au bangi, atakuwa mkali”

Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo. Bangi inamlewesha: anayumba, mkojo unamtoka bila kujua, na akizidishiwa anaweza kufa. Hakuna ulinzi unaopatikana hapo.

“Samaki mkunje angali mbichi, huyu amekwisha komaa”

Methali hii ina haki yake upande mmoja. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anazoea watu, kelele na wanyama kwa wepesi ambao hautarudi. Lakini mbwa wa miaka sita anajifunza “kaa” na “subiri” vizuri, na kwa kawaida anatulia zoezini kuliko mtoto. Kinachochukua muda kwake ni tabia ya zamani aliyoizoea.

“Ugali haumfai, mbwa wa ulinzi ale nyama mbichi”

Nyama mbichi haileti ukali. Mbwa anamudu wanga uliopikwa, tatizo ni ugali mtupu. Mbwa wa kilo 15 mwenye harakati nyingi anaweza kuanza na unga wa mahindi gramu 150 hadi 200 uliopikwa, dagaa wakavu gramu 60 hadi 80 wazimawazima, maana mifupa yao laini ndiyo inayompa madini ya chokaa (kalsiamu), na kijiko kimoja cha mafuta. Gawa mara mbili kwa siku. Dagaa wenye chumvi waloweke dakika 20, maji uyamwage. Mpapase mbavu kila wiki: uzisikie bila kubonyeza, lakini zisihesabike ukiwa mbali. Ongeza au punguza kwa kipimo hicho.

Hatari kubwa zaidi ziko njiani. Bunju, samaki anayejivimbisha, aliyetupwa ufukweni na wavuvi ana sumu ambayo hata kupikwa hakuiondoi, kwa hiyo mbwa anayeokota ovyo asifunguliwe mahali samaki wanapochambuliwa. Mabibo yaliyochacha chini ya mikorosho, na makapi ya uraka, pombe ya mabibo, yana kilevi kinachomdhuru. Korosho mbichi yenye ganda inaunguza mdomo kwa mafuta yake. Vitunguu vya aina zote viache.

“Akihasiwa atatulia”

Atapunguza kuzurura na kugombania majike. Kuchimba, kuruka na kutafuna kutabaki mpaka apewe kazi.

“Ametulia ghafla, mafunzo yameingia”

Mafunzo huingia polepole na hayamwondolei mbwa hamu ya kula. Mbwa mchangamfu akizubaa ndani ya siku mbili, mkague. Kama hana dalili za kichaa cha mbwa zilizotajwa hapa chini, inua mdomo uone ufizi: ukiwa mweupe au wa manjano huenda ni ugonjwa wa kupe. Watafute ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya kola. Kwenye maeneo yenye mbung'o, kama pembezoni mwa mapori ya Liwale, jicho likitanda ukungu mweupe na mwili ukikonda, fikiria ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na umwite daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo apewe kila miezi mitatu.

Mabadiliko ya ghafla yanaweza pia kuwa kichaa cha mbwa: mpole anakuwa mkali, mchangamfu anajificha, sauti inabadilika, mate yanamdondoka na hawezi kumeza. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Jitenge naye, mfungie alipo bila kumshika, na uite ofisi ya mifugo. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kampeni za chanjo ya bure hufanyika, mara nyingi karibu na Septemba 28, kwa hiyo uliza ofisi ya kata mapema. Mtu akiumwa, au akilambwa kwenye kidonda, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba alichanjwa.