Nzi kwenye ndoo

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi pale Majengo, kitambaa shingoni, mashine juu ya sikio, watoto wa madrasa wakapita na juzuu zao kwapani. Jamaa aliyekuwa anasubiri zamu akasema, "Ndo wanaandaliwa hivyo. Wakiizamia dini, mwisho wake mabomu." Kinyozi akacheka: "Mwalimu, umesikia?"

Nimesikia. Nimesikia kwenye daladala, kwenye misiba, hadi kwa mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye hana udhuru.

Mimi nimesoma madrasa, Kondoa. Tulipofika Safina, kitabu cha fiqhi (sheria za ibada na maisha) cha wanaoanza, tulikwama miezi kwenye tohara, yaani usafi wa ibada. Maji yapi yanatawadhisha, yapi yameshatumika, nzi akifia kwenye ndoo je? Haya tuliyasoma kiangazi, ndoo yenyewe hakuna. Kama fiqhi ilinifundisha kitu, ni kusema "hapo kuna kauli mbili."

Sasa watazame wenyewe hao wa mabomu na waliowapa fikra. Sayyid Qutb, mwandishi wa Misri aliyenyongwa na serikali ya Rais Nasser mwaka 1966, alikuwa mhakiki wa fasihi. Ayman al-Zawahiri wa al-Qaida, daktari wa upasuaji. Abd al-Salam Faraj, ambaye kijitabu chake kiliwapa hoja waliomuua Rais Sadat wa Misri mwaka 1981, alisomea umeme. (Hassan al-Banna, aliyeanzisha Ikhwani, chama cha Udugu wa Kiislamu cha Misri, mwaka 1928, alikuwa mwalimu wa shule, ila msinichanganyie Ikhwani na al-Qaida, hiyo nayo inanikera.)

Huyo Faraj ndiye anayeninyima usingizi. Alichukua fatwa ya Ibn Taymiyya, mwanachuoni aliyefia gerezani Damascus mwaka 1328. Fatwa ilihusu Wamongolia: wamesilimu, lakini wanawavamia Waislamu na kuhukumu kwa sheria za Genghis Khan. Faraj akamtoa Mmongolia, akamweka Sadat. Basi, kazi imekwisha! Karibu karne saba za wanachuoni waliobishana lini Mwislamu anaweza kuitwa kafiri, na kuweka masharti juu ya masharti, akaziruka kama mtu anavyoruka mtaro. Mufti wa Misri, Jad al-Haqq, alikaa akamjibu hoja kwa hoja. Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni "Uislamu wa kale uliorudi", naona kapigwa changa la macho na Faraj mwenyewe, maana ndivyo alivyotaka aonekane. Hii ni kazi ya karne ya 20: vijana wa shule za serikali, jela za Nasser na mateso yake, kisha vita vya Afghanistan kuanzia 1979.

Lakini nisijifanye nimeshinda. Abdullah Azzam, aliyewaita Waarabu kwenda kupigana Afghanistan, alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Al-Azhar, chuo kikuu cha dini cha Cairo. Muhammad ibn Abd al-Wahhab, mhubiri wa Uarabuni aliyefunga ahadi na mtawala Muhammad ibn Saud mwaka 1744, alizaliwa kwenye nyumba ya makadhi, na bado aliwaita Waislamu wenzake makafiri. Na Makhawariji, kundi la mwanzo la Kiislamu lililojitenga, ambao mtu wao alimuua Sayyidna Ali mwaka 661, walisifika kwa kusoma Qurani usiku kucha. Nikisema elimu ya dini ni chanjo, nitakuwa nadanganya. Ninachokataa ni kwamba ndiyo ugonjwa.

Haya yote niliyasema nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Jamaa alinisikiliza, akakuna kidevu.

"Sasa mwalimu, huyo nzi kwenye ndoo inakuwaje?"

Nikamwambia hapo kuna kauli mbili.