Nguvu za kiume kupungua, maana yake nini hasa

Huku kwetu Kusini msimu wa korosho ukifunguka tu na hela ikianza kuzunguka, kuanzia Tandahimba mpaka Ruangwa, wauza vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume, nao wanajaa magulioni, na supu ya pweza inanywewa kweli kweli, na mihogo mibichi na karanga na vipande vya nazi havikai sinia. Pweza sina ugomvi nae, ni chakula kizuri. Ila kuna kitu wanaume wengi hatujaelezwa, kwamba jogoo akigoma kupanda mtungi mara nyingi shida iko kwenye mishipa ya damu, na mishipa iliyoharibika vumbi haliitibu.

Kitaalamu tunaongelea hali ya uume kushindwa kusimama, au unasimama alafu unalala kabla hamjamaliza, na inajirudia kwa kama miezi 3 hivi au zaidi. Umeshinda shambani juani, umerudi hoi, usiku ikagoma mara moja, huo sio ugonjwa ndugu yangu, inaweza kumtokea mwanaume yeyote. Na kufika mapema ni jambo lingine, kukosa hamu ni lingine, kukosa mtoto ni lingine kabisa maana mtu anaweza kusimama vizuri tu na mbegu zikawa hazitoshi. Watu wanayaweka yote fungu moja ndo maana wanauziwa chupa moja ya kutibu yote.

Sasa inavyofanya kazi. Ukipata hamu ubongo unatuma taarifa kwenye neva, neva zinatoa gesi inaitwa nitriki oksaidi, ile gesi inalegeza kuta za mishipa, damu inamiminika kwenye nyama mbili ndefu zilizomo ndani ya uume ambazo ziko kama sponji, zikishajaa zinabana mishipa ya kurudisha damu, ndo uume unakuwa mgumu. Kwaiyo hapo kuna ubongo, kuna neva, kuna mishipa, kuna na homoni, kimojawapo kikiyumba shughuli inalala. Sukari inashambulia neva na mishipa kwa pamoja, ndo maana wenye kisukari wanapata sana hii shida. Presha, sigara, mafuta mengi kwenye damu na kitambi vinaifanya mishipa iwe migumu na myembamba.

Na hapa ndo naomba tusome taratibu. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa kama milimita 1 mpaka 2, ile ya moyo kama 3 mpaka 4. Uchafu ukianza kuganda ndani ya mishipa, ile myembamba inaziba kwanza, kwaiyo uume unaweza kuanza kugoma leo na moyo ukaja kuleta shida miaka kadhaa mbele. Yani mwanaume wa miaka 45 anayeficha hii kitu na kwenda kwa mganga kutafuta nani kamfunga anaipoteza nafasi ya kuokoa moyo wake, na mke wa watu anabaki na tuhuma za bure.

Kwa vijana mara nyingi ni kichwa, hofu ya kuaibika, madeni, ugomvi ndani, alafu mawazo yanajizungusha, leo imegoma kesho unaenda ukiwa na wasiwasi inagoma tena. Angalia asubuhi, kama ukiamka inasimama yenyewe vizuri basi mishipa na neva kwa kawaida ziko sawa. Pombe nayo, uraka na gongo vinaleta hamu mdomoni tu, ukizidisha unazima kabisa.

Kuna wazee wanaacha vidonge vya presha kimya kimya kwa sababu wamesikia vinaua nguvu. Ni kweli baadhi vinaweza kupunguza, ila dawa za presha ziko aina nyingi, mwambie daktari akubadilishie, usiache mwenyewe, kiharusi hakisubiri.

Vile vidonge vya sildenafili, Viagra kwa jina la biashara, vilianza kujaribiwa kwa maumivu ya kifua ya moyo, vikaruhusiwa kwa ajili ya uume Marekani mwaka 1998. Vinasaidia wengi kweli, ila vinafanya kazi ukiwa na hamu, havileti hamu, na unameza kama lisaa kabla, mlo mzito wa mafuta unavichelewesha. Mtu anayetumia dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua asiguse kabisa, presha inaweza kuporomoka akafa. Alafu nchi nyingi zimekuta baadhi ya dawa za "asili" za nguvu za kiume zimechanganywa hiyo hiyo sildenafili kwa siri, hujui umemeza kiasi gani.

Kwaiyo anza zahanati, pima presha na sukari, ni vipimo vya dakika chache, ikihitajika zaidi utaelekezwa hospitali kubwa, Ligula kule Mtwara au Sokoine Lindi au Ndanda ukiwa upande wa Masasi. Ukifika usiseme kiuno kinauma, sema uume hausimami, daktari ataelewa. Na aliyemeza chochote ukasimama zaidi ya masaa 4 bila kulala, awahi hospitali usiku huo huo, hata kama anaona aibu, maana damu ikikaa humo muda mrefu nyama inakufa na hairudi tena.