Kura ya mwaka 1864 na penseli yake

Watu wakiniuliza nakusanya nini, nawajibu: karatasi za kura. Wengi hushangaa, maana kura ukishaitumbukiza sandukuni si yako tena. Lakini katika Marekani ya mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa katika mwaka wa nne, serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha zake na kuzigawa mitaani na makambini. Mpiga kura alichukua ya chama chake akaitumbukiza mbele ya macho ya watu. Sheria ya kura ya siri kwa jimbo zima ilianzia Massachusetts mwaka 1888. Nyingi tunazozikuta leo ni zile za ziada ambazo hazikufika sandukuni.

Mimi huanza kusoma juu kabisa, kwenye jina la chama. Kura za Rais Abraham Lincoln za mwaka huo mara nyingi hazisemi Republican, jina la chama chake, zinasema Union, yaani Muungano. Mkutano wa Baltimore wa mwezi Juni ulijiita wa Muungano wa Kitaifa ili kuwavuta Wademokrati, watu wa chama pinzani, waliounga mkono vita, na mgombea mwenza, Andrew Johnson wa Tennessee, alikuwa Mdemokrati. Neno hilo moja linakuonyesha chama kilivyokuwa na hofu. Tarehe 23 Agosti Lincoln aliwataka mawaziri wake watie saini nyuma ya waraka uliokunjwa, bila wao kuusoma. Ndani alikuwa ameandika kwamba yaelekea hatachaguliwa tena. Siku chache baadaye Wademokrati walimteua Jenerali McClellan kwa ilani iliyodai vita visimamishwe, na McClellan mwenyewe akaikataa sehemu hiyo. Kisha Atlanta, mji wa waasi wa Kusini, ikatekwa na jeshi la Lincoln mwanzoni mwa Septemba, na upepo ukageuka. Novemba Lincoln alipata kura 212 za wajumbe wa majimbo, ndio wanaomchagua rais kwa niaba ya wapiga kura, mpinzani wake 21.

Kinachonigusa zaidi ni vitu vya askari. Majimbo kadhaa yaliwaruhusu kupiga kura huko huko vitani. Indiana haikuwaruhusu, hivyo wengine walipewa likizo warudi nyumbani. New York ilikuwa na njia yake: askari alitia kura yake katika bahasha pamoja na hati ya kumpa mtu wa kwao mamlaka, naye akampigia kura huko nyumbani. Ukiiona bahasha ya namna hiyo pamoja na hati yake, usizitenganishe hata ukiahidiwa bei nzuri kwa moja peke yake.

Sasa, utajuaje kama ni ya kweli? Ishike kwanza. Karatasi nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana bado ni laini ilhali magazeti ya miaka ya baadaye, yaliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa, yanakatika kama majani makavu. Kisha igeuze kwenye mwanga wa pembeni: herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilibonyeza karatasi, na mara nyingi alama yake utaiona, hata kuipapasa kwa kidole. Ukitazama kwa lenzi ukakuta vidoti vidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya kisasa. Taa ya urujuanimno (UV) nayo husaidia, kwa kuwa karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha na hutoa mng'ao wa buluu.

Usibandike selotepu wala kuipitisha kwenye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki. Joto na gundi vikishaingia ndani ya nyuzi, hakuna fundi atakayezirudisha zilivyokuwa. Bahasha angavu ya plastiki ya polyesta na sanduku lisilo na asidi vinatosha.

Ninayo moja ya Pennsylvania, yenye majina 26 ya wajumbe yaliyopangwa kwenda chini. Jina moja limekatwa kwa penseli, mstari umetetemeka kidogo. Hivyo ndivyo mpiga kura alivyomkataa mtu mmoja bila kukiacha chama chake. Aliyeniuzia alinishauri niufute ili karatasi iwe safi. Nimeuacha mstari wake.