Je, wajua? Seneta aliyelala Jumapili na kuamka "rais"

Pale Plattsburg, mji mdogo wa jimbo la Missouri, kuna kaburi la David Rice Atchison, na jiwe lake limeandikwa kwamba alikuwa rais wa Marekani kwa siku moja, Jumapili ya tarehe 4 Machi 1849. Ni kweli? Hapana, ila jinsi watu walivyofika huko inachekesha.

Enzi hizo muhula wa rais ulikuwa unaisha tarehe 4 Machi saa sita mchana. Mwaka ule ikaangukia Jumapili, James Polk anatoka, Zachary Taylor anaingia, na Taylor akagoma kuapishwa siku ya ibada, akasubiri Jumatatu. Makamu wa Polk, George Dallas, naye muda umekwisha. Sasa sheria ya 1792 ilisema rais na makamu wakikosekana wote wawili anayefuata ni rais wa muda wa Seneti, yaani seneta anayeongoza vikao makamu asipokuwepo, na mwenye cheo hicho alikuwa Atchison. Basi watu wakaona kuna siku nzima haina mwenyewe, wakampa yeye.

Lakini ngoja. Kama Taylor hakuwa rais kwa sababu hajaapa, mbona Atchison naye hakuapa? Tena muhula wake mwenyewe wa useneta uliisha siku hiyohiyo na kiapo kipya alikula Jumatatu, kwa hiyo kwa hesabu hiyohiyo ya viapo Jumapili mchana hakuwa hata seneta, achilia mbali urais!

Chukulia mlinzi wa getini. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni, anatakiwa asaini daftari ndo ashike rungu na funguo. Akichelewa kusaini, geti hafungui, sawa, lakini zamu bado ni yake, haihamii kwa mlinzi wa nyumba ya pili ambaye naye zamu yake imeisha na daftari hajasaini. Kiapo ni ile saini, muhula ndo zamu.

Katiba yao inasema rais ale kiapo kabla hajaanza kutekeleza kazi, haitamki wazi kama kiapo ndo kinachomfanya awe rais, kwa hiyo mwanya wa kubishana upo kidogo. Ila hata ukiupanua mwanya huo, Atchison hapiti.

Mwenyewe alilichukulia kama utani, alisema sehemu kubwa ya siku hiyo alilala, maana kikao cha Seneti kilikesha. Utani huu umeifunika kazi yake halisi, ambayo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo: alikuwa mtetezi mkali wa utumwa, aliisukuma sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, iliyowaachia wakazi wa maeneo hayo mawili waamue wenyewe kama utumwa uruhusiwe, kisha akaongoza watu wa Missouri kuvuka mpaka kwenda kuibeba Kansas iwe upande wa utumwa. Mji wa Atchison kule Kansas unaitwa kwa jina lake.

Na Jumapili hiyo haikuwa ya kwanza. 1821 James Monroe naye alisubiri Jumatatu kuapa kwa muhula wake wa pili, hakuna seneta aliyezawadiwa siku. 1877 wakaogopa pengo, Rutherford Hayes akaapishwa kimyakimya Jumamosi ndani ya Ikulu wakati Ulysses Grant bado ni rais, yaani safari hii walioapa walikuwa wawili kwa kiti kimoja, na hilo wala halina jiwe la kaburi.